Wembe na Karatasi ya Sigara

Katika West Nile nzima hakuna mwanamke aliyezijua pistoni kunishinda mimi. Ukitaka ukweli wote, hakukuwa na mwanamke mwingine aliyetaka kuzijua, basi mbio hizo nilikimbia peke yangu, na hata hivyo nilifika nimechoka.

Shule niliiacha darasa la sita. Pistoni nilifundishwa na marehemu mume wangu, fundi wa gereji ya jeshi, mtu mpole aliyeongea na injini kuliko alivyoongea na mimi. Alikuwa akileta pistoni nyumbani ndani ya beseni langu la kufulia, ananipa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ananiambia, "Medina, sugua." Mimi nasugua, yeye anaeleza. Hivyo ndivyo tulivyopendana. Mwaka wa sabini na nane jeki ilimponyoka, lori likamlalia kifuani, nikabaki na mama yangu, beseni, na elimu ambayo huwezi kupikia hata maharagwe.

Alichonifundisha ni hiki. Kuna pistoni ya kumimina na kuna pistoni ya nyundo. Ya kumimina ni aluminiamu iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye umbo, kama wanavyofanya watengeneza sufuria. Ya nyundo imegandamizwa ingali moto kwa mashine nzito mpaka imeshikana ndani kwa ndani. Hiyo haivunjiki upesi, uitie moto wa namna gani. Ila ina tabia moja: ikipata joto inavimba kuliko mwenzake. Lazima uiachie nafasi ndani ya silinda.

Mafundi wetu hawakuwa na vipimo vya kutoka Ulaya. Walipimia vitu vya dukani. Kama pistoni ni ya kumimina, kati yake na ukuta wa silinda ipite karatasi ya sigara. Kama ni ya nyundo, upite wembe, ambao ni mnene zaidi. "Asubuhi, ile ya nyundo itagonga kama mtu anayebisha hodi," mume wangu alisema. "Usiogope. Ikipata moto itanyamaza yenyewe. Ukiibana ili inyamaze mapema, itakushikia njiani."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nikaitikia ndiyo, nikaendelea kusugua.

Sasa nikuambie habari ya Loku. Loku ni mtoto wa mjomba wangu. Mama yangu alikuwa shangazi yake, na kabla mimi sijazaliwa mgongo wa mama ulikuwa wake. Mwaka wa 1979, askari wa Tanzania walipoikaribia Arua, sisi wa familia za jeshi tulikimbia kuelekea Koboko, ili tuvuke kuingia Sudan. Mimi na mama tulikwenda kwa miguu. Tulipofika Maracha miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo. Nikamkalisha juu ya sanduku letu kando ya barabara.

Ndipo nikaiona Pijo nyeupe ya Loku inakuja. Mbele alikaa yeye peke yake. Nyuma kulikuwa na magunia ya sukari mpaka dirishani. Mimi nikapunga kitambaa cha kichwa. Mama akavua kiatu kimoja, kiatu cha plastiki cha bluu, akakipunga juu kama mtu anayefukuza kuku, huku anacheka, kwa sababu alijua sasa amepona.

Pijo ikapunguza mwendo. Loku akatutazama, mimi kwanza, halafu mama, halafu kile kiatu. Halafu akakanyaga mafuta.

Mama hakukirudisha kiatu mguuni. Alikufa kesho yake asubuhi akiwa amekishika, nikamzika nacho hapo Maracha kwa jembe la kuazima.

Habari ya kiatu sikumwambia mtu. Niliona aibu. Mama alikuwa mtu wa heshima, sikutaka ukoo umkumbuke akipunga kiatu. Lakini mengine yote niliyasema, kule kambini Sudan na hata tuliporudi mwaka wa themanini na sita. Loku akakana. Alisema siku ile alipita njia ya Yumbe, Maracha hakuikanyaga. "Pijo nyeupe iko mingi," alisema, na kweli zilikuwa nyingi. Akapelekwa mpaka kwenye kaburi la mama, akapiga goti, akaapa mbele ya Mungu kwamba alipita Yumbe.

Mzee Lokule, mkubwa wa ukoo wetu kule Lobule, akakata maneno: Medina amemsingizia ndugu yake, alete mbuzi. Nikaleta mbuzi. Kwetu mbuzi wa namna hiyo akishaliwa, jambo limezikwa, na atakayelifukua ndiye mwenye kosa. Loku alikula ini. Akalamba vidole, akaniambia, "Dada, mimi nimekusamehe."

Nikamshukuru. Hata maji ya kunawa nilimmiminia mimi.

Miaka ikapita. Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa nyuma ya soko la Arua, nimekaa juu ya kigoda, mbele yangu gunia limetandikwa na pistoni kuukuu zimepangwa kama viazi. Zilizochoka nilikuwa nawauzia watu wa sufuria. Nzima nilikuwa naziweka kwa ajili ya mafundi wa magari. Asubuhi moja kivuli kikaniangukia.

"Dada Medina, wewe iko?"

"Mimi iko, Loku. Kama mimi hapana, basi nani anakujibu?"

Alikuwa amenenepa. Akachuchumaa, akaanza kunieleza huku anatazama nyuma kama mtu anayeomba dawa ya mapenzi. Amandu, yule mwenye Datsuni nyekundu, amemtukana steji, pale magari yanapopakia, mbele ya abiria.

"Amesema Pijo yangu iko jeneza ya magurudumu nne!"

"Jeneza halina magurudumu," nikamwambia. "Amekusifu."

Hakucheka. Wameshikana mikono, alisema, mbele ya madereva wote wa steji. Jumamosi baada ya Idi, Arua mpaka Koboko, saa tatu asubuhi. Atakayetangulia kufika kwenye mzunguko wa Koboko anachukua ufunguo wa mwenzake. Gari kwa gari.

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa mimi ninanunua baskeli." Akameza mate. "Dada, wewe unajua hii Pijo. Watoto watano wanakula kwa hii Pijo. Shamba sina, ng'ombe sina. Injini imechoka, inapumua kama bibi kizee."

"Bibi kizee yuko hapa anapumua vizuri," nikasema. "Unataka nini?"

"Nataka pistoni. Nataka injini yenye inaruka."

Nilikuwa na seti mbili za kumfaa, nne nne. Nikazifungua kutoka kwenye matambara, nikazipanga mbele yake. Za kwanza zilitoka Zaire, za kumimina, kichwani zina kishimo kama bakuli. Za pili nilizipata kwa Lado, mkimbizi kutoka Juba, ambaye alizikuta katika gari la mashindano lililotelekezwa na Mgiriki mmoja. Hizo zilikuwa za nyundo, kichwa kimeinuka kama kilima, hazina hata mkwaruzo. Jua lilipozipiga zilimeremeta mpaka Loku akapanua pua.

Mungu ananiona: mwanzo nilimwonyesha mlango wa kutokea.

"Chukua hizi za bakuli," nilimwambia. "Za kumimina. Hazina kelele, zinadumu, hata ukiweka petroli ya chupa iliyotiwa mafuta ya taa zinavumilia. Ni pistoni za mtu mwenye watoto."

"Na hizi?"

"Hizi za nyundo. Kilima hiki kinagandamiza hewa sana, nguvu inakuwa nyingi. Lakini zinataka petroli safi, na zinataka mtu mwenye subira. Kwa abiria na kuku wao ni hasara tupu."

Alichukua moja ya bakuli, akaigonga kwa kucha na kusikiliza, kama mke anayechagua sufuria. Akaiweka. Akachukua ya kilima, akaigonga, akaipima uzito mkononi, akaipeleka hata puani.

"Hii iko ya mwanaume," alisema.

"Mwanaume gani? Pistoni haina ndevu."

"Amandu ameweka za kumimina mpya. Mimi nitaweka hii. Petroli nitatafuta safi ya Zaire." Alikuwa tayari anazifunga kwenye shati lake. Kisha akasimama. Loku hakuwa mjinga kabisa, alikuwa mjinga kidogo tu, wa kutosha. "Kasimiro ndiye atafunga. Atauliza nafasi. Niachie nafasi gani kwa silinda?"

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya zile za bakuli.

"Karatasi ya sigara," nikasema.

"Hata hizi za nyundo?"

Muuza nyanya wa pembeni alikuwa anagombana na mteja. Nilimtazama Loku usoni, na yeye akanitazama, uso ule ule, ila sasa hakuwa na kioo cha gari mbele yake.

"Pistoni ni pistoni," nikasema.

Nikatoa pakiti yangu ya sigara, maana wakati ule nilikuwa navuta, nikamchania karatasi kwa mkono wangu mwenyewe.

Kasimiro alikuwa fundi mzuri, Mkatoliki wa Koboko, mtu asiyefunga boliti bila kujisemesha. Gereji yake ilikuwa hatua mia kutoka kwangu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Siku ya kuzifunga alizigeuza geuza zile pistoni, akamwambia Loku kwamba katika maisha yake amefunga za kumimina tu, za nyundo hajawahi, na je, ana hakika na hii karatasi?

"Medina amesema," Loku akamjibu. "Bwana yake alikuwa fundi ya jeshi. Wewe unajua kushinda jeshi?"

Kasimiro akaipokea karatasi. Akakwangua silinda mpaka karatasi ikapita kwa shida, akafunga. Injini ilipowaka, watu wa sokoni waliacha kuuza wakaja kusikiliza. Haikugonga hata kidogo. Iliimba kama cherehani. Loku akafungua boneti, akaweka gilasi ya chai juu ya injini inayonguruma, na chai haikumwagika hata tone. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Injini ya pistoni za nyundo, asubuhi, kimya namna ile. Ni kama mtoto mchanga asiyelia. Anayejua hapigi makofi, anakimbia kumwita mkunga.

Kwa wiki mbili aliiendesha polepole mjini ili vyuma vizoeane, na mwendo wa mjini unaipa injini joto gani? Ikaendelea kuimba. Siku mbili kabla ya mbio, Paska, mke wa Loku, aliniletea bakuli la mboga za simsim, limefunikwa kwa kitambaa safi. Loku alimwoa kule Sudan, kwa hiyo ya Maracha aliyajua kwa mdomo wa mume wake tu. Alikuwa mwanamke mwema, na watu wema wana matatizo yao.

"Dada, nimekuja kusema asante. Umemsaidia. Watoto wanakuombea kila jioni."

"Hata yule mdogo?"

"Yule anasema tu, Medina pistoni, Medina pistoni."

Nikasema sasa nimwambie. Kweli, mdomo ulishafunguka. Nilitaka kusema, Paska, nenda umwambie Kasimiro afungue injini, apime kwa wembe. Lakini Paska akanishika mkono, akasema kwa huruma yake yote, "Najua moyo wako iko na kidonda. Lakini Loku ananiambia mpaka leo, kama angepita Maracha ile siku, angebeba shangazi hata kwa mgongo."

Nikafunga mdomo. Nikafunua bakuli, nikala. Zilikuwa tamu, na simsim hakuibania.

Jumamosi nilipanda gari la alfajiri mpaka Maracha. Nikachukua kigoda changu, nikakaa kando ya barabara, mahali ninapopajua. Watu wakaniuliza nasubiri nini. Nikawaambia nasubiri ndugu.

Nilizisikia kabla ya kuziona. Halafu vumbi, na mbele ya vumbi Pijo nyeupe. Loku alikuwa anaongoza! Datsuni nyekundu ilikuwa nyuma sana, inayumba katika vumbi lake kama mlevi. Pijo ikanipita inalia kwa sauti ya juu, nzuri, na Loku aliponitambua akapiga honi mara tatu, akatoa mkono dirishani akanipungia. Meno yote nje. Safari hii alinipungia yeye.

Moyo wangu ukaanguka, niseme kweli. Nikajua nimekosea. Nikamlaumu marehemu mume wangu na wembe wake, nikaona Loku anafika Koboko anabebwa juu juu, anapewa Datsuni pia, na mimi ndiye niliyempa injini. Hata Datsuni iliponipita na Amandu akanitukania mama kwa sababu nilikaa karibu na barabara, sikumjibu.

Nikabeba kigoda nikaanza kutembea kuelekea Koboko. Sijui kwa nini. Miguu ilitaka kwenda.

Nilitembea kama nusu saa. Juu ya kilima cha pili nikaiona Pijo. Imekaa katikati ya barabara, imepinda, na nyuma yake magurudumu yamechora mistari miwili mirefu, kwa maana injini iliposhika, magurudumu nayo yalisimama hapo hapo. Boneti iko wazi. Loku amesimama mbele yake, mikono imening'inia.

"Loku, kuna nini?"

"Imeshika." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ilikuwa inaruka, dada. Ilikuwa inaruka! Halafu ikashika tu. Hata kuzungusha kwa mkono, hapana." Akatazama barabara ya Koboko, ambako vumbi la Datsuni lilishatulia. "Watoto," alisema. Akarudia, "Watoto."

Nikampa maji. Alikunywa yote.

Baadaye likaja lori la mihogo, linaelekea Koboko. Dereva akasimama, akanisaidia kupandisha kigoda, akanipandisha na mimi mbele. Nafasi ilibaki moja, tungebanana kidogo. Dereva akachungulia nje.

"Mama, na huyu? Tumbebe?"

Loku alishaanza kuja, mkono umenyooka kushika mlango.

"Huyu?" nikasema. "Huyu anapita njia ya Yumbe."

Dereva akacheka bila kujua anacheka nini, akaingiza gia. Katika kioo cha pembeni nikamwona Loku amesimama palepale, mkono bado umenyooka. Hakukimbia, wala hakuita. Akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, halafu kona. Lakini kabla ya kona niliuona uso wake, na nikajua amenielewa.

Kwa hiyo sikushangaa wiki iliyofuata Mzee Lokule aliponiita Lobule. Nilivaa gomesi yangu ya Idi.

Tulikaa uwanjani kwake, asubuhi. Mzee kwenye kiti chake cha kamba. Kasimiro ameleta silinda moja ndani ya gunia, pistoni imeng'ang'ania ndani yake, haitoki juu wala chini. Paska alikaa chini, kanga imefunika mdomo. Amandu hakuhitajiwa, lakini alikuja, amesimama kando na ufunguo wa Pijo anauzungusha kwenye kidole. Majirani walikuja vilevile. Habari ya gari lililokufa huwa ina utamu.

Loku akasimama. Alikuwa amekonda kwa wiki moja.

"Mzee, huyu mwanamke ameua gari yangu. Ameniambia nafasi ya karatasi. Kasimiro amefungua, ameona nafasi ilikuwa ndogo, pistoni imevimba, imekamata. Amefanya kwa kusudi!"

Mzee akamgeukia Kasimiro. Kasimiro akasema kweli, nafasi haikutosha, ukuta wa silinda umechanika wote, na yeye alifuata alichoambiwa na Loku. Zaidi ya hapo hajui, kwa kuwa Medina na Loku walipoongea yeye hakuwepo.

"Medina," mzee akasema. "Ulimwambia nini?"

"Wembe, mzee."

"Uongo!" Loku akaruka. "Karatasi! Umenichania karatasi kwa mkono yako!"

"Nilimchania karatasi avutie tumbaku, mzee, alikuwa anatetemeka kwa hofu ya Amandu." Watu wakacheka. Amandu alicheka kuliko wote. "Ya kumimina karatasi, ya nyundo wembe. Hata mtoto wangu angekuwepo angejua. Marehemu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha jina la mama yake."

"Mzee, anadanganya!"

"Kwa nini nidanganye?" Nikasimama na mimi, polepole, nimeshika kiuno kama mgonjwa. "Huyu ni mtoto wa mjomba wangu. Mama yangu amembeba mgongoni. Mimi nina ugomvi gani na yeye? Kulikuwa na maneno zamani, ndiyo. Nilikosea. Nilimsingizia. Mzee ulikata mwenyewe, nikaleta mbuzi, tukala. Yeye siku ile alipita Yumbe. Nimekubali, nimesahau. Sasa kwa sababu gani niue gari la mtu ambaye hajanikosea kitu?"

Mzee Lokule aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu. Alipenda kukumbushwa kwamba alishawahi kukata maneno vizuri.

"Loku," alisema, "mama huyu amesema sawa. Mutu haui gari ya ndugu yake bure. Kama amekusudia, iko sababu. Lete sababu. Kama sababu hapana, basi wewe umemsingizia, na mbuzi italeta wewe."

Loku akageuza mifuko ya suruali nje.

"Sina mbuzi," alisema. "Sina kitu."

"Sijauliza mbuzi. Nimeuliza sababu."

Ufunguo ulikuwa unazunguka kwenye kidole cha Amandu, unalia kri, kri, kri. Loku akautazama. Akamtazama Kasimiro, akamtazama mke wake.

"Sema, baba," Paska akamwambia kwa upole. "Kama iko, sema. Mimi nakuamini."

Nilikaa, nikatandaza gomesi magotini, nikamtazama kama nilivyomtazama sokoni. Nadhani nilitabasamu kidogo. Sina hakika, sikuwa na kioo.

"Angalia!" Loku akapiga kelele, kidole chake usoni pangu. "Angalia anacheka! Mzee, huyu hajasahau! Huyu amekaa miaka kumi na tatu anasubiri! Juu ya mama yake! Juu ya ile siku tu! Kama ni mimi nimeua shangazi! Mimi ningefanya nini, gari imejaa sukari ya watu, askari wako nyuma, na shangazi amekaa pale juu ya sanduku anapunga kiatu, kiatu ya bluu, anacheka kama iko harusi, na mimi—"

Ufunguo wa Amandu ulikuwa umenyamaza. Paska alishusha kanga kutoka mdomoni, na mdomo wake ulikuwa wazi. Mimi nikainamisha kichwa, maana kile kiatu sikuwa nimekisikia kikitajwa na mtu tangu nilipokizika.

Mzee Lokule alivua miwani yake, akaifuta kwa kanzu upande mmoja, akaifuta upande wa pili, akaivaa tena.

"Kiatu hicho, Loku," aliuliza, "ulikiona ukiwa Yumbe?"